Hataza za programu: leseni ya MIT haitoshi

Anayeandika programu huria akiwa Ngamiani au Chumbageni, hapa Tanga, husema hataza za Marekani (haki za wavumbuzi kuzuia wengine wasitumie mbinu zao) hazimfiki. Ni kweli nusu. Hataza ina nguvu katika nchi ilikotolewa tu. Ya Marekani haishiki Tanzania isipokuwa imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili nchini, au kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika. Lakini programu hiyohiyo ukiwauzia wateja walioko Marekani, sheria ya kule inakuhusu. Haiangalii ulikaa wapi ukiandika.

Msimbo uliouandika mwenyewe bila kunakili hauna kesi ya hakimiliki. Hataza hulinda mbinu, kwa hiyo hata ukiibuni peke yako unaweza kushtakiwa kwa muda wote iliyo hai, kwa kawaida miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa.

Wengi hunaswa kwenye video. Leseni ya FFmpeg, programu huria ya kuchakata video, iwe LGPL au GPL, haikupi ruhusa ya wenye hataza za H.264, mfumo wa kubana video, ambao huenda hawajaandika hata mstari mmoja wa FFmpeg. Kampuni ya Cisco hulipia ada za OpenH264, programu yake huria ya H.264, ila kwa faili zilizokwisha kujengwa na kupakuliwa kutoka kwao. Ukiujenga msimbo mwenyewe, malipo hayo hayakufuniki. Kama programu yako inarekodi mnada wa samaki pale Deep Sea, mimi ningechagua VP8, mfumo mwingine wa video usiotozwa ada. AV1 nayo imekusudiwa isitozwe ada, lakini kurekodi kwayo huzielemea simu za bei ndogo.

Leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, haitaji hataza popote. Leseni nyingine, Apache 2.0, kifungu cha 3, humfanya kila mchangiaji atoe ruhusa ya hataza zake zinazogusa mchango wake. Atakayeshtaki kuhusu kazi hiyo hupoteza ruhusa aliyopewa. Ndiyo ninayoipendekeza, ingawa haimfungi mtu wa nje asiyechangia. Mwaka 2019 wakfu wa GNOME, wa programu huria, ulishtakiwa kwa ajili ya Shotwell, programu yake ya kupanga picha, na kampuni ya nje ya namna hiyo. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2020.

Barua ya madai ikikufikia, usiijibu kwa hasira wala usiijadili hadharani kwenye GitHub: maneno yako yatageuka ushahidi. Tafuta namba ya hataza kwenye Google Patents, uone kama bado iko hai, kisha usome madai yanayojitegemea ndani ya hataza (sentensi zinazotaja kinacholindwa bila kutegemea nyingine), kipengele kwa kipengele. Kwa kawaida, kikikosekana kimoja katika programu yako, una utetezi mzuri. Mpelekee wakili uchambuzi huo, pamoja na msimbo wowote uliowekwa hadharani kabla ya tarehe ya maombi, unaoweza kuonyesha kuwa mbinu haikuwa mpya.