Matingali: mkanda wa kichwa na farasi anayesimama

Matingali ni mkanda wa ngozi unaoanzia kwenye mkanda wa tumbo wa farasi, ukapita katikati ya miguu ya mbele, ukapanda kifuani kuelekea kichwani. Kazi yake ni moja tu: kumzuia farasi asinyanyue kichwa kupita kiasi. Wengi wanaamini ni dawa ya farasi mwenye tabia ya kusimama kwa miguu ya nyuma. Si dawa, na imani hiyo inaumiza wanyama na watu.

Zipo za aina mbili. Matingali ya kufunga huishia kwenye mkanda wa puani, bila kugusa lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni. Urefu wake hupimwa farasi akiwa ametulia: usukume mkanda juu kwa mkono, ufike hadi kooni. Ukiwa mfupi kuliko hapo, hukumvalisha, umemfunga. Matingali ya kupita hugawanyika sehemu mbili zenye pete, na hatamu hupitishwa ndani ya pete hizo. Kichwa kikiwa chini haifanyi lolote; kikipanda, pete huvuta hatamu kwenda chini na lijamu hukandamiza ufizi usio na meno. Kwenye hatamu huwekwa vizuizi vidogo vya mpira au ngozi ili pete zisinase kwenye lijamu. Zikinasa, hata farasi mpole ataruka. Katika mashindano ya kimataifa ya kuruka viunzi, hii ya pili inaruhusiwa, ile ya kufunga hairuhusiwi.

Neno hatamu sisi tumelizoea kwenye siasa, chama kushika hatamu, mpaka tumesahau kwamba ni kamba inayoishia mdomoni mwa kiumbe.

Sasa tazama farasi anavyosimama. Kwanza husita. Uzito wote huurudisha nyuma, kiuno kinashuka, mbele panakuwa pepesi, halafu miguu miwili inaondoka ardhini. Nguvu yote imetoka nyuma, ambako matingali haifiki. Na akiwa juu, shingo ndiyo inayompa mizani, kama mikono ya mtu anayevuka mtaro juu ya gogo. Ukiifunga shingo hiyo, umemfunga mikono mtu aliye kwenye gogo. Farasi wa kilo 500 akianguka chali, aliyeko mgongoni yuko chini yake.

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, ng'ambo miaka kadhaa kabla sijarudi Mikindani, na farasi wote waliosimama mbele ya macho yangu walikuwa na sababu. Jino lenye ncha linalokata shavu. Tandiko linalobana mabega. Mpandaji anayempiga visigino aende, huku mikono yake imekaza hatamu asiende. Hapo mbele pamezibwa, nyuma kuna fimbo, mdomoni kuna chuma. Kilichobaki ni juu.

Huku kwetu farasi ni wa kuhesabu, na mbung'o ana sehemu yake katika hilo. Ghuba hii ya Mikindani ndipo aliposhukia David Livingstone mwaka 1866 akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa, baghala 2 na punda 4, akashika njia ya Ruvuma. Wengi wa wanyama wale walikufa njiani. Alitaka kujua kama mbung'o angewadhuru, lakini yeye mwenyewe aliandika pia jinsi walivyopigwa na kubebeshwa kupita kiasi.

Ila punda tunao, na punda pia husimama. Kijana mmoja jirani yangu anayechota maji kwa mkokoteni aliniita: "Shikamoo mjomba. Njoo umwone huyu, anasimama kama mtu." Alikuwa ameona matingali kwenye video, akatengeneza yake kwa kamba ya katani, kutoka puani hadi tumboni, fupi kiasi kwamba kidevu kilikaribia kugusa kifua. Punda alikuwa anatoka jasho, na bado alikuwa ananyanyua miguu. Nikamwambia afungue kila kitu, madumu yashuke, kamba zitoke. Nilipopitisha kiganja mgongoni, nyuma kidogo ya mabega, ngozi ilitetemeka na masikio yakalala. Chini ya gunia la tandiko kulikuwa na kidonda chenye upana wa kifuniko cha chupa, kimegandamana na manyoya. Kila mtaa wenye mlima, mzigo ulirudi nyuma na tandiko likasugua palepale.

Kwa mpandaji, kifaa ninachokiamini ni mkanda wa shingoni, kitanzi cha ngozi kinachokaa mbele ya tandiko. Farasi akisimama, inama mbele, legeza hatamu, shika kitanzi hicho au manyoya ya shingo. Usivute hata kidogo. Hatamu unayoivuta ndiyo inayomwangusha. Miguu ikigusa chini, mpeleke mbele papo hapo. Na ukihisi anasita kabla hajainuka, peleka hatamu moja pembeni umgeuze aendelee kutembea, kwa sababu anayetembea hawezi kukusanya uzito nyuma. Ukiwa hujampanda, kaa ubavuni mwake, karibu na bega, kamwe usisimame mbele ya kwato. Kisha mwite mtaalamu wa mifugo aangalie meno na mgongo kabla hujanunua mkanda wowote.

Yule punda alipumzishwa, kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi kila jioni hadi kikakauka. Gunia limebadilishwa, sasa ni blanketi lililokunjwa lenye nafasi katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Kwenye kalavati ya barabarani bado anasita. Kijana hushuka, anatembea naye ubavuni, mkono shingoni, wakavuka wote wawili.