Kabla Hujakata Siti, Pima Shokapu

Wiki imeanza na ujumbe ule ule: "Fundi, nimepata pikipiki ya porini ila ni ndefu, miguu haifiki chini. Kukata siti unachukua shilingi ngapi?" Haisemwi ni pikipiki gani, dereva ana kilo ngapi, wala anakwenda nayo wapi. Siti tu ikatwe.

Sikati. Yaani kukata naweza, na hapa Moshi wapo mafundi wa siti wenye mkono safi kuliko wangu, ila hilo ni la mwisho. Ukianza nalo unalipa hela kuharibu kitu kizima, na tatizo lenyewe linabaki pale pale kwenye shokapu.

Chanzo ni imani moja ambayo imenichosha: eti pikipiki ni saizi yako pale tu nyayo zote mbili zinapolala chini. Nadhani tumeirithi kwa bodaboda, na kwao ina maana. Mtu anayesimama kila baada ya hatua hamsini, abiria anapanda na gunia la viazi, siti ya chini ni haki yake. Lakini wewe afisa ugani unayepanda Kibosho, au wewe unayetaka kutoka Mto wa Mbu upite Engaruka hadi Ngare Sero, ardhi iliyo sawa pande zote mbili utaikuta wapi? Njia za juu kule Uru, masika yakishapita, zinakuwa zimechimbwa na maji. Ukisimama, mguu wa kushoto uko kwenye tuta na wa kulia unaning'inia juu ya mfereji. Hapo mrefu na mfupi wote wana mguu mmoja.

Na pikipiki ikiwa wima haihitaji mguu wa kuibeba, inahitaji wa kuizuia isianze kulala. Ncha ya buti inatosha. Ikishalala sana, hata mwenye futi sita inamshinda, tena yeye anaumia na mgongo kwa kung'ang'ana nayo. Ricky Carmichael wa Marekani, mtu wa sentimita 168 hivi, alishinda mbio zote za msimu wa motokrosi ya nje, zile mbio za pikipiki kwenye udongo, katika daraja lake mwaka 2002, akarudia tena 2004. Pikipiki za mchezo ule siti yake iko karibu sentimita 95 kutoka chini. Mwambie yeye habari za nyayo kulala.

Kwa hiyo ukienda kununua, urefu wa siti uache kwanza, uliza uzito. Royal Enfield Himalayan ile ya cc 411 siti yake ni milimita 800 tu. Honda XR150L ina 825 hivi, CRF300L ina 880. Kwenye karatasi Himalayan ndiyo pikipiki ya mfupi. Lakini Himalayan ina kilo 199, CRF kilo 142, XR kama 128. Iangushe hiyo ya kilo 199 kwenye tope la Machame ukiwa peke yako na kilo zako hamsini, halafu uniambie siti ya chini imekusaidia nini. Mgeni wa pikipiki mwenye mwili mdogo mimi namwelekeza kwenye XR150L au kitu cha aina hiyo. Shokapu zake ni fupi, nyuma inasafiri (yaani gurudumu linapanda na kushuka) milimita 150 tu, ukikimbia kwenye mashimo itakita. Lakini ikianguka utaiinua mwenyewe.

Cha pili ni upana wa siti pale mbele, karibu na tenki. Mguu haushuki moja kwa moja kutoka kwenye nyonga. Siti pana inautanua kwanza ndipo ushuke, na sentimita zinapotelea huko. Ndiyo maana kama kuchonga ni lazima, namwambia fundi achonge pembeni, juu asiguse. Siti iliyochimbwa juu inakutumbukiza, magoti yanakunjika kupita kiasi, na kila ukitaka kusimama kwenye vikanyagio inakuwa shughuli. Ukifika Same umeshakalia plastiki.

Sasa shokapu. Hapa naomba utulie.

Ule urefu wa siti unaoandikwa na kiwanda ni wa pikipiki isiyo na mtu. Mtu akikaa inabonyea, na pikipiki ya porini imetengenezwa ibonyee sana, takriban theluthi ya safari yote ya shokapu. Ile inayosafiri milimita 240 nyuma inatakiwa ibonyee 75 hadi 80 dereva akiwa juu na mavazi yake yote. Balaa ni kwamba springi inayotoka kiwandani kwa kawaida imelengwa mtu wa kilo 70 hadi 75. Ukiwa na kilo 52 haibonyei inavyotakiwa. Kwa hiyo mfupi mwepesi anaonewa mara mbili: miguu mifupi, halafu pikipiki yake inasimama juu kuliko ya mwenzake mwenye kitambi, ingawa ni za aina moja na zimetoka duka moja. Mwenye kitambi anakanyaga chini vizuri tu, anakuambia "mbona ya kawaida," na wewe unaondoka ukiamini una kasoro.

Basi tunapima. Unainua gurudumu la nyuma hewani, unapima kwa futi kutoka kwenye ekseli hadi alama utakayoweka kwenye madigadi, juu yake moja kwa moja. Unashusha, unabonyeza siti mara mbili tatu, unaiacha isimame kwa uzito wake yenyewe, unapima tena. Kisha dereva anapanda na buti, helmeti na begi la kazi, mtu mwingine anaishika isianguke, unapima mara ya tatu. Ni dakika kumi, na wengi hawajawahi kufanyiwa tangu wanunue.

Alikuja dada mmoja, afisa ugani, na pikipiki ya mkononi ya cc 250 yenye hiyo safari ya 240. Alikuwa ameshapatana bei na fundi wa siti. Vipimo vilisoma milimita 610, 585, 557. Maana yake pikipiki ilibonyea 25 kwa uzito wake yenyewe, na dada alipokaa ikafika 53 tu. Tukalegeza pete za springi, zile za kuzungusha zinazoibana, mpaka tukapata 43 na 71. Karibu sentimita mbili zimeshuka, hakuna kilichokatwa. Akazunguka nayo hadi barabarani akarudi anacheka: "Kaka, kumbe springi ilikuwa inataka kulainishwa!"

Hapana, dada yangu. Na hili si lako peke yako, hata mafundi wenzangu wanalisema mchana kweupe. Kulegeza pete hakulainishi springi. Tazama namba zako: kabla ya kulegeza, uzito wako uliongeza milimita 28, kutoka 25 hadi 53. Baada ya kulegeza, kutoka 43 hadi 71, ni 28 zile zile. Springi haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mahali pikipiki inapoanzia. Ukitaka ulaini, unatoa springi na kuweka nyingine. Na anayekukazia pete ili "iwe ngumu kwa mzigo" naye hajaigeuza kuwa ngumu, ameinyanyua tu.

Namba ya kuangalia ni ile ya pikipiki bila mtu. Kama ili ufikie theluthi imebidi ibonyee peke yake kupita milimita 40 na kitu, springi ni ngumu kwako. Huyu dada alikuwa mpakani. Sikuendelea kulegeza kwa sababu gurudumu likiwa hewani springi inatakiwa ibaki imebanwa kidogo. Ukipita hapo inalegea kwenye pete na kugonga kila ukiruka tuta. Springi laini inayomfaa huipati kwa urahisi madukani huku kwetu, inaagizwa nje, na si kila mtu ana subira hiyo wala hela hiyo. Namwelewa.

Mnaopiga pete kwa bisibisi na nyundo, acheni. Kuna spana ya ndoano kwa kazi hiyo. Osheni nyuzi kwanza, vumbi likishaganda humo pete inakula nyuzi. Halafu nendeni taratibu: milimita moja kwenye pete, kwa pikipiki zenye linki nyuma, vile vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa gurudumu, inaweza kuwa mbili na nusu au tatu gurudumuni.

Mbele nako kuguswe. Ukishusha nyuma peke yake, usukani unakuwa mzito na kwenye kona gurudumu la mbele linakwenda linakotaka. Legeza vishikio vinavyobana shokapu za mbele, zipandishe humo milimita 10 hivi ili mbele nako kushuke, kulia na kushoto sawasawa, kisha hakikisha zikibonyea mpaka mwisho tairi haligusi madigadi. Ukizidisha, kwenye changarawe yenye mawimbi usukani utakutikisa mikononi.

Zile linki ndefu za kushushia nyuma ndizo zinazonipa mawazo. Wataalamu wanazikataza kwa urahisi: zinapunguza nafasi chini ya injini, zinavuruga mkao, zinaifanya shokapu iwe laini kwa kuwa gurudumu linapata nguvu zaidi ya kuisukuma. Kweli tupu. Lakini subiri kidogo, mtu wa kilo hamsini mwenye springi ngumu, si ulaini huo huo alikuwa anautafuta? Nimewaona wepesi waliofungiwa linki wakafurahi, na ukiniuliza kwa nini wasifurahi sina jibu la maana. Kwa mtu wa kilo 75 nakataa kabisa. Kwa wa kilo 50 aliyekosa springi, siku hizi nanyamaza, namwambia tu achague ya kushusha sentimita mbili, si tano, na afunge bamba la kukinga injini, maana mawe aliyokuwa anayapita juu sasa atayagonga.

Lingine linalonisumbua ni woga. Mwanafunzi mwoga akikanyaga chini kwa miguu yote miwili anajifunza haraka zaidi, nimeliona, na hesabu zangu zote za shokapu hazimkaushi jasho la mikono pale mzunguko wa YMCA. Huyo namtafutia Boxer ya kuazima kwa wiki za mwanzo, ya kwake ikae ndani. Wenzangu wanasema nazunguka mbuyu, angeshushiwa tu ya kwake yaishe. Huenda wana haki.

Yaliyobaki haraka haraka. Mikono ya klachi na breki isogezwe karibu mpaka vidole viwili viifikie bila kunyoosha kiganja. Wengi hawajui kuna skurubu ya kazi hiyo. Iinamishwe chini kidogo ili ukiwa umesimama kifundo cha mkono kinyooke. Upepo: mtu mwepesi porini hana haja na psi 32 za fundi wa tairi, 18 hadi 20 zinatosha, ila kama tairi lina tyubu usishuke sana, jiwe litaibana kwenye rimu na kuitoboa. Buti za maana zinakuongezea sentimita mbili au tatu za soli, kuliko hizo raba zako. Ukishavaa buti, pandisha na pedali ya gia.

Kupanda, weka stendi, kanyaga kikanyagio cha kushoto, rusha mguu kama unavyopanda farasi. Kusimama, chagua upande ulioinuka kabla hujafika, telezesha tako moja nje ya siti, mguu mmoja chini, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Jizoeze uwanjani mpaka uchoke, na uzoee kushusha mguu wa kushoto; wa kulia ukishuka, breki ya nyuma haina mwenyewe.

Na kama umeshusha pikipiki kwa njia yoyote ile, angalia stendi ya pembeni. Itakuwa ndefu sasa, pikipiki itasimama karibu wima, na upepo wa mchana ukipita inaangukia kulia, mkono wa breki unakatika. Stendi inakatwa kidogo kidogo, unajaribu, unakata tena, na mwisho unachomelea kipande cha bati nene kwa chini ili isizame kwenye udongo. Hiyo nakata bila maswali, lete.