Baridi ikipiga Florida, perege hawafi wote

Kila Januari napata meseji zile zile, eti huko Florida, Marekani, baridi imepiga, sasa wale samaki wageni, walioletwa kutoka nje, si wataisha? Mi nimefanya kazi na samaki hawa miaka, na ningependa iwe hivyo, ila haiendi hivyo.

Mifereji ya Florida imejaa perege wenye asili ya Afrika, ndugu wa sato wetu kabisa. Samaki hana hita mwilini, maji yakishuka na yeye anashuka. Perege wengi kwenye digrii 16 hivi wanaacha kula, na wengi chini ya 12 hali inakuwa mbaya. Kuna usiku hita ya tangi letu ilikufa, asubuhi nikakuta chakula cha jana kinaelea hakijaguswa, samaki wamelala ubavu huko chini, mashavu yanafunguka polepole mpaka unaweza kuhesabu. Tukapasha maji taratibu, wengine wakaamka, lakini baada ya siku chache mapezi yakaota kuvu nyeupe kama pamba. Ndo hapo watu hawaelewi, baridi haiui kwa kugandisha. Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, muda wote anavuta chumvi kupitia mashavu, ubaridi ukizidi hiyo pampu inazubaa, chumvi inavuja, neva zinagoma, kinga nayo inalala.

Besi sasa, yule yule ambaye watu wa Naivasha wanamjua, kwao ni Marekani na anaishi mpaka chini ya barafu. Anajiandaa mapema. Umeshaona mafuta ya nazi yanavyoganda Iringa mwezi wa saba wakati ya alizeti yanabaki maji? Utando wa kila seli umejengwa zaidi na mafuta, na besi maji yakianza kupoa anabadilisha aina ya mafuta, anaweka yale yasiyoganda haraka. Halafu anashuka kilindini, maana maji yana uzito mkubwa zaidi kwenye digrii 4, kwa hiyo barafu iko juu na chini pana 4, moyo unapiga taratibu, anakula kidogo, anasubiri. Perege naye anabadilisha kidogo kama baridi inakuja polepole, ila ana kikomo.

Januari 2010 Florida kusini baridi ilikaa zaidi ya wiki, maji ya Everglades, kile kinamasi kikubwa cha huko, yakashuka chini ya digrii 10, samaki wageni wakafa kwa marundo. Na snuki, samaki mwenyeji kabisa wa huko, akafa vibaya pia, kwa sababu ni mwenyeji wa joto. Miaka michache baadaye wageni wengi wakarudi! Walijificha wapi? Kwenye mifereji mirefu kwenda chini tuliyochimba sisi binadamu, inayopata maji ya ardhini yenye joto, na, katikati na kaskazini mwa Florida, kwenye chemchemi zinazokaa karibu digrii 22 mwaka mzima. Mi naamini kabisa wiki ile baada ya baridi ndo ya kuingia na nyavu, wakiwa wachache na wamebanana sehemu moja.

Ziwa Victoria hata hiyo baridi hakuna. Sato pale ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950, na ngege, perege wa asili wa pale, aliyebanwa na sato na sangara, leo ukimtaka unamtafuta kwenye vijiziwa vya pembeni alikojificha.