Boksi la spika la ubao wa povu: linafaa, ila usiliache uchi

Mwalimu mmoja wa kwaya alinishushia maboksi mawili ya spika kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, bodaboda kayafunga mpira nyuma, akaniambia "fundi, haya maboksi yamenona." Nikacheka ila kweli yalikuwa yamenona, ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, yalipanda boti kwenda kijiji cha Kagunga huko ziwani yakalowa njiani, na MDF ikishakunywa maji haina dawa, inavimba kwenye kona kama andazi, skrubu zinaachia, kesho yake boksi linaanza kukereketa kila besi ikipiga. Na hata kabla halijalowa vijana walikuwa wanalinung'unikia uzito, maana kutoka mwaloni hadi kanisani ni kupanda tu. Akataka mapya, mepesi, yasiyokunywa maji. Nikamwambia mwalimu niachie wiki mbili, nina kitu nimekuwa nakijaribu.

Kitu chenyewe ni ubao wa povu. Siyo lile godoro, hapana, nasema lile povu gumu jepesi ambalo ni ndugu wa maboksi meupe ya kubebea samaki na barafu. Ukilivunja lile jeupe unaona vipunje vipunje, hilo ni la daraja la chini, liko lingine la mbao nzima nzima, mara nyingi lina rangi ya bluu au pinki, halina vipunje, limeshikana, hilo ndo nalitaka. Likikosekana hata la samaki linafanya kazi ukilitafuta nene na lisiwe limebonyea.

Sasa kabla ya kukata tuelewane boksi la spika ni la nini, maana wengi wanadhani ni pambo. Spika ikipiga, pepa (ile karatasi ya mbele inayocheza) likienda mbele linasukuma hewa ya mbele na muda huohuo linavuta ya nyuma, yaani sauti inatoka pande zote mbili ila zimepishana, moja inasukuma mwenzake anavuta. Zikikutana zinauana. Zinazouana hasa ni besi kwa sababu wimbi lake ni refu, mlio wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake linakaribia mita 7, kwake kuzunguka spika ya inchi 5 siyo safari hata kidogo. Ndo maana spika ukiiwasha iko uchi mezani inalia kama simu. Boksi kazi yake ni mbili tu, kufungia ile sauti ya nyuma, na lenyewe kukaa kimya.

Hapo kwenye kukaa kimya ndo mafundi tunagombana. Imani ya mtaani ni kwamba boksi zito ndo boksi kimya, na mi niliishi na hiyo imani miaka mingi. Ina ukweli nusu. Ukuta wa boksi ni kama ngozi ya ngoma, una mlio wake wa asili, na mlio huo unapangwa na vitu viwili, ukakamavu na uzito. Ukiongeza ukakamavu mlio unapanda juu, ukiongeza uzito unashuka chini. Kwa hiyo ukuta mzito uliolegea ni mbaya, una mlio wake pale pale kwenye sauti za waimbaji. Ukuta mwepesi lakini umekakamaa mlio wake unakimbilia juu ambako ni rahisi kuuzima. Tatizo la povu ni kwamba jepesi ni kweli, ila ukakamavu halina. Ubao wa MDF wa milimita 18, mita moja ya mraba ni kama kilo 13 na nusu, povu la milimita 25 eneo hilohilo halifiki hata kilo moja, hapo umefurahi, sasa libonyeze na kidole gumba uone. Linapinda. Ukilitengenezea boksi hivyo hivyo kuta zinapumua na besi, zinatoka nje zinarudi ndani, na besi yako inavujia ukutani.

Dawa yake ni ngozi. Ukibandika karatasi ngumu upande wa nje na upande wa ndani, ubao unabadilika kabila. Ukitaka kuupinda sasa karatasi ya upande mmoja inabidi ivutike na ya upande mwingine ibonyezwe, na karatasi kuvutika kwa urefu haikubali kirahisi (jaribu kuchana karatasi kwa kuivuta moja kwa moja, siyo kwa kuichana kwa pembeni). Povu kazi yake inabaki kuziweka hizo karatasi mbili mbali mbali. Nilipiga hesabu kwa karatasi ya robo milimita hivi pande zote, ukakamavu unapanda zaidi ya mara kumi ya povu tupu. Haufikii MDF, ila kwa sababu uzito ni kidogo sana mlio wa ukuta unaweza hata kupita wa MDF kwenda juu. Wazungu walijenga ndege ya vita kwa ujanja huu, Mosquito, mbao laini ya balsa katikati na plaiwudi nyembamba pande mbili, na iliruka vizuri tu.

Karatasi yangu ni ya mfuko wa simenti, ile mifuko ya karatasi siyo ya nailoni, inakuwa na tabaka, nachukua la ndani safi. Gundi ya mbao nyeupe nachanganya na maji kidogo, naipaka kwa brashi kwenye povu, nalowesha karatasi kidogo ili ikae, naibandika, halafu kwa kadi ya simu ya zamani natoa mapovu ya hewa kuanzia katikati kwenda pembeni. Bandika pande zote mbili siku moja, usifanye upande mmoja ukalala, karatasi ikikauka inajikunja na ubao unageuka mgongo wa mtumbwi. Halafu iweke chini ya kitu kizito usiku mzima, hata mbili, gundi hii inakaukia kwa hewa na povu halipitishi hewa, kwa hiyo usiwe na haraka. Ikikauka gonga kwa kifundo cha kidole. Povu tupu linasema "puf", hii inasema "tok". Siku ya kwanza nilipousikia huo mlio nilikaa nagonga tu, mteja kasimama.

Na gundi tafadhali. Ile ya viatu ya kwenye kopo la njano usiisogeze. Nilipoanza niliipaka kwenye ukuta mzima nikageuka kujibu simu, kurudi naona povu limeliwa, limebaki mashimo kama ndizi iliyooza. Gundi ile, petroli, tina, rangi ya kupuliza, vyote vinayeyusha povu la aina hii. Tumia gundi ya mbao, au silikoni kwenye maungio.

Boksi la mwalimu ndani lilikuwa sentimita 20 kwa 20 kwa 30, lita 12, kwa spika ya inchi 5. Ubao wa mbele sikuufanya povu, hapo niliweka plaiwudi, maana skrubu kwenye povu haishiki na spika ina magneti nzito. Kuna kitu kingine watu hawakikumbuki, pepa likisukuma hewa mbele spika nayo inasukumwa nyuma, na boksi jepesi linatikisika lote. Nikaweka kilo mbili za mchanga wa ziwani ndani ya mfuko, nikaulaza chini ndani ya boksi na kuubana. Najua umeanza kusema sasa si umerudisha uzito, ndiyo nimeurudisha kidogo, ila boksi lote na spika yake lilikuwa halifiki kilo tano na kijana mmoja analibeba kwa mkono.

Ndani nikajaza sufi ya mto wa zamani, lakini imefungwa kwenye kipande cha chandarua, kwa sababu nyuzi za sufi zikiingia kwenye koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya pepa, utasikia mkwaruzo mpaka utubu. Boksi nililiziba kabisa. Ukitaka tundu la besi, bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5 urefu wa sentimita 10 kwenye lita 12 linakupa mlio wa tundu wa kama hezi 60, ila kwa mtu anayeanza ziba, makosa yanasameheka.

Kuhakiki kama limeziba, sukuma pepa taratibu kwa vidole viwili vitatu ukizunguka katikati, liachie. Likirudi kwa kusitasita umeziba, likiruka mara moja kuna hewa inavuja. Washa dawa ya mbu ya kuzungusha upitishe moshi kwenye maungio huku besi inapiga, utaona moshi unatetemeka pale penye tundu. Kuna boksi moja nililaumu povu siku tatu kumbe hewa inapita kwenye tundu la waya. Na kabla hujafunga, gusisha betri moja ya saa kwenye waya za kila spika, chanya kwa chanya, pepa litoke nje kwa zote mbili. Moja ikiingia ndani umegeuza waya, na besi zitauana chumbani hata maboksi yawe ya dhahabu.

Sabufa usijaribu. Inchi 12 na amplifaya kubwa kuta za hivi hazivumilii, huko rudi kwenye plaiwudi nene. Pia jua na moto, povu hili linaanza kulainika kabla maji hayajachemka, kwa hiyo usilipake rangi nyeusi ukaliacha juani, usifungie amplifaya ndani, na koroboi likae mbali, likishika moto moshi wake mweusi ni sumu. Rangi ni ya maji tu.

Mwalimu karudi juzi. Wakati wa kushusha mizigo Kagunga boksi moja lilimponyoka kijana likaingia ziwani, wote wakapiga kelele, boksi likaelea. Walilivua kama mgebuka. Pepa lililowa, wakalianika kivulini siku nzima likalia tena, ila gundi ya mbao na maji haziivi, kona moja ya chini karatasi imeachia na imevimba kama lengelenge. Nimeichana, nasubiri povu likauke nibandike upya, safari hii kwenye kona naweka silikoni juu ya karatasi kabla ya rangi.