Tai mwenye taji ni ndege gani?

Kampala kila ndege mwenye mdomo wa ndoano huitwa tai, ilhali yule anayezunguka juu ya soko akivizia mabaki ya nyama ni mwewe, kamunye kwa Kiganda, jina walilolibandika hata kwenye taksi za abiria. Tai ni empungu. Na tai mwenye taji humwoni sokoni, maana yeye ni wa msituni: Kibale, Budongo, Bwindi.

Taji lenyewe ni kishungi cha manyoya kisogoni, anachokisimamisha akishtuka. Urefu wake ni kama sentimita 80 hadi 99, na jike humzidi dume. Kinachomtofautisha na tai wa mbugani ni mabawa: mafupi, mapana, tena mkia mrefu. Kwa umbo hilo hupenya katikati ya matawi na kukata kona ghafla.

Hawindi kwa kuelea angani. Hutua tawini, akakaa kimya hata saa nzima, kisha akajitupa. Silaha yake ni ukucha wa nyuma, ambao huweza kutoboa fuvu la kima. Hula pia paa wadogo na perere, lakini Kibale watafiti waliookota mifupa chini ya viota walikuta zaidi ya asilimia 80 ni ya kima, mbega na jamaa zao. Mnyama akimzidi uzito hamwinui mzima. Humkatakata chini, akabeba vipande na vingine kuviweka akiba mtini. Si ajabu kima wana mlio wa pekee wa kuonya kwamba tai amekuja.

Kiota ni rundo la vijiti kwenye panda ya mti mkubwa, hutumika miaka na miaka. Jike hutaga yai moja au mawili na kuyaatamia kwa siku 50 hivi. Yakianguliwa mawili, kinda mkubwa humuua mdogo wake. Aliyebaki huruka baada ya miezi minne hivi, lakini huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi 9 hadi 11 zaidi. Ndiyo maana kwa kawaida huzaa mara moja tu kila miaka miwili, na mti wa kiota ukikatwa, hasara yake huchukua muda mrefu kufidiwa.

Ukitaka kumpata, tumia masikio kwanza. Dume hupanda juu ya msitu, akashuka na kupanda tena kama mawimbi, huku akipiga kelele zisizokatika. Kinda usimtambue kwa rangi ya wazazi wake: kichwa na kifua chake ni vyeupe.