Bobini Iliyoingia Si Lazima Iwe Bobini Yako

“Fundi, bobini si bobini tu?” Hapana. Swali hili la bobini, kile kigurudumu kinachozungushiwa uzi wa chini wa cherehani, nimelijibu kwa upole, kwa mzaha na kwa kununa, na bado linarudi. Anayeliuliza huwa kabeba mfarishi wa viraka ulioshonwa nusu, nyuzi zimejisokota chini yake hadi kitambaa hakitoki kwenye bamba la chini ya sindano, na anachotaka ni nimkazie tensheni, yaani mbano wa uzi. Tensheni haina kosa. Ndani ya kesi, kile kikopo kinachoshika bobini, mna bobini aliyoiokota kwenye kopo la vifungo, na kwa kuwa iliingia, akaona ni yake.

Bobini zina klasi, yaani aina za vipimo. Ya klasi ya 15 ina kipenyo cha milimita 20 na ushei, kimo cha milimita 11.7, na nyuso zake ni bapa. Ya klasi ya 66 ukiitazama kwa macho ni ile ile, ila kimo chake kinakaribia 11 tu na nyuso zimebinuka kidogo. Ya aina ya L ni fupi zaidi, kama milimita 9. Rula ya shule haiwezi kukuamulia kati ya 11 na 11.7, kwa hiyo usinipigie simu kuniambia umepima kwa rula. Tumia kalipa, kile kipimo cha taya mbili. Kama huna, laza ukingo ulionyooka juu ya uso wa bobini na uinue kwenye mwanga: ikiwa bapa, ukingo unalala wote, ikiwa imebinuka, mwanga unapenya pembeni.

Weka bobini ndefu kuliko kesi, itasugua. Weka fupi, itarukaruka humo ndani, na uzi wa chini utatoka kwa kushtuka: mara umekaza, mara umelegea. Ukishona pindo la pazia huenda usione kitu. Mfarishi hauna huruma hiyo. Una kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, sindano inapita matabaka matatu kwa mistari mirefu, na kila mshtuko wa uzi unabaki umeandikwa mgongoni mwa kazi.

Imani hii kwamba bobini ni bobini tu ina asili, na ndiyo maana haifi. Singer ya modeli ya 15 iliigwa sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani viliifyatua kwa wingi chini ya majina chungu nzima, na Wachina nao wakatengeneza za muundo huo huo. Kwa hiyo aliyejifunzia kwenye cherehani nyeusi ya pedali ya ukoo huo alizoea spea kuingiliana: kesi ya hii inakaa kwenye ile, springi ya ile inafanya kazi kwenye hii. Alichokiona ni kweli. Kosa ni kukibeba hadi kwenye mashine ya plastiki yenye bobini ya kudumbukiza kwa juu.

Na jina la kampuni halikusaidii kiasi unachodhani. “Ni Singer” kwangu ni sawa na kuniambia mgonjwa ni mtu mzima. Singer 15 na Singer 66 hazitumii bobini moja. Zipo Singer ambazo shina la mguu, yaani ule unaokandamiza kitambaa, limesimama wima na zipo zenye shina la mshazari, na mguu wa hii hauwezi kufanya kazi kwenye ile hata ukiubembeleza. Ninachohitaji ni modeli. Ile namba iliyogongwa kwenye kitako cha Singer za zamani, yenye herufi mbele kwa zile za kuanzia 1900, ni namba ya usajili. Inaweza kutupeleka kwenye modeli, lakini yenyewe si modeli, na ukiagiza spea kwa kuiandika hiyo utaletewa chochote.

Miguu ni rahisi, nitapita haraka. Shusha mguu, pima kutoka katikati ya skrubu inayoushika hadi kwenye bamba. Ukipata kama milimita 12 au 13, shina ni fupi. Ukipata kama 25, ni refu. Pima kabla ya kununua mguu wa kutembea, maana ule una meno yake ya juu na mkono unaopanda kwenye skrubu ya sindano, na kimo kikikosea hata milimita chache, mkono haufanyi kazi yake. Mguu huo ukipata unaokaa sawasawa, tabaka la juu litaacha kubaki nyuma ya lile la chini, na nusu ya machozi ya mfarishi itakauka.

Sindano nazo. Pakiti ikisema ni ya matumizi yote, inazungumzia vitambaa, haizungumzii mashine. Cherehani nyingi za nyumbani zinataka sindano ya aina ya 130/705 H, yenye shina lenye upande bapa. DBx1 za viwandani zina shina la duara na jembamba zaidi. Mtu anaibana hivyo hivyo, sindano inakaa pasipo mahali pake, mishono inaruka, halafu analaumu uzi. Kwa kuunga viraka vya pamba, sindano ya unene wa 80/12 inatosha. Ukifika kwenye matabaka matatu jaribu 90/14, yaani unene wa milimita 0.9.

Sasa ile tensheni. Bobini ikiwa ndiyo yake na nyuzi bado zinajisokota chini, mkono usiende kwenye skrubu ya kesi. Inua mguu, toa uzi wa juu wote, uvute upya. Mguu ukiwa chini visahani vya tensheni vimefumba, uzi unapita pembeni, na fujo yote inatokea chini ingawa chanzo kiko juu. Toa pia vumbi la pamba chini ya bamba na kati ya meno. Mfarishi unamwaga vumbi kuliko kazi yoyote.

Kuna mahali hata mimi nasita. Miongozo inasema ncha ya shato, ile ndoano inayonasa uzi wa juu, ikutane na sindano ikiwa imepanda kama milimita 2 hadi 2.5 kutoka chini kabisa. Kwenye mashine iliyochakaa mimi huifuata namba hiyo mwanzo, kisha naisogeza kwa jicho nikiwa na sindano ile ile itakayoshona, na matokeo huwa mazuri. Fundi mwenzangu akiniambia nafunika uchakavu badala ya kuutibu, sina hoja nzito ya kumjibu. Vilevile nimeona bobini isiyo yake ikishona kwa muda mrefu bila shida, na mwenye mashine ananichekea. Sawa. Lakini akifika kwenye mfarishi, kila mshtuko wa uzi utaonekana.

Ukitaka nikutafutie spea, nitumie picha tatu: bobini ya zamani ikiwa imelala na ikiwa imesimama kando ya kalipa, kibati chenye modeli, na mguu ulioshushwa ukionekana kwa ubavu. Picha ya cherehani nzima na kitambaa chake kizuri haina kazi.