Je, wajua 07 inabeba namba ngapi za simu?

Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa namba za simu za mkononi zinazoanza na 01, baada ya miaka mingi ya 07. Kwani 07 ilikuwa na nafasi ya namba ngapi?

Namba ya simu ya Kenya ina tarakimu 10. Ukiondoa 07, zinabaki nafasi 8. Tazama kwanza nafasi mbili tu. Ukianza na 0, unapata namba kumi: 00 hadi 09. Ukianza na 1, unapata kumi nyingine, 10 hadi 19, na kuendelea hivyo hadi 99. Kumi mara kumi, 100. Hiyo ndiyo kanuni ya kuzidisha: kila chaguo la nafasi ya kwanza linakuja na machaguo yote ya nafasi inayofuata, ndiyo maana hatujumlishi.

Kwa nafasi nane, zidisha kumi nane pamoja, 10 × 10 × 10 × 10 × 10 × 10 × 10 × 10: 100,000,000. Na sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu kama milioni 47.6! Ila wengi wana laini mbili, na namba hugawiwa mitandao kwa mafungu. Fungu kama 0722 lina nafasi 6 zilizobaki, yaani namba 1,000,000, na mtandao mwingine haugawi humo hata zikikaa bure.

Sasa swali wapendalo watunga mitihani: namba shufwa (zinazogawanyika kwa 2) za tarakimu tatu, zisizorudia tarakimu, ni ngapi? Hapa 0 ndiyo msumbufu. Haikai mwanzoni, lakini mwishoni inaruhusiwa. Ukianzia kushoto utakwama, kwa sababu hujui umeshatumia shufwa ngapi. Anza na nafasi yenye masharti, ya mwisho, kisha tenganisha hali mbili.

Mwisho ukiwa 0, mamia yana machaguo 9 na makumi 8: 9 × 8 = 72. Mwisho ukiwa 2, 4, 6 au 8, mamia yana 8 tu (si 0, wala iliyokwisha tumika), na makumi 8, kwani 0 sasa inaruhusiwa: 4 × 8 × 8 = 256. Jumla 328.

Ukitaka kuhakiki, hesabu witiri, yaani zisizo shufwa: 5 × 8 × 8 = 320. Jumlisha na 328, unapata 648. Namba zote za tarakimu tatu zisizorudia ni 9 × 9 × 8, ambayo ni 648 pia.